Kikombe cha Mviringo

Bibi Tabitha wa Nyansurura hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwa Wakurya upungufu huo una dawa yake: mwanamke hutoa ng'ombe, anaoa mke, na watoto wa mke huyo hubeba jina la nyumba yake. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Mke aliyemwoa ni Mokami, binti wa miaka ishirini na miwili, aliyemaliza kidato cha sita akiota kufundisha biolojia. Ng'ombe wa mahari yake baba yake alishawatumia kumwolea kaka yake mke. Maji yakimwagika hayazoleki, arudi wapi?

Kilichobaki ni Nchagwa, mwanamume ambaye bibi alimchagua azae na Mokami. Mokami hakumtaka. Alikuwa amemwahirisha kwa kichwa, kwa tumbo, kwa malaria ya uongo, hadi magonjwa yakamwishia. Na jioni hii Nchagwa angekuja.

Mchana Tabitha alipoinua godoro la Mokami ili atandike vizuri, alikuta magazeti, na ndani yake majani bapa yaliyokauka. Akamwita Mokami kwa ukali.

"Dawa za kufunga kizazi! Unaiua nyumba yangu, Mokami?"

"Hapana, mama. Ni vimea vya kule chemchemi."

"Na chini ya godoro vinatafuta nini?"

Amwambie nini? Kwamba kuvikausha na kuvipanga ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo inayomfanya ajione mtu? Alitoka nje, akabandua kipande kibichi cha kimea kama hicho kilichoota nyuma ya mtungi wa maji, akarudi nacho ndani, akapiga magoti.

"Tazama, mama. Hakina shina, hakina majani, ni utepe tu unaogawanyika mara mbili mbili. Mgongoni kina vitundu vya kupumulia, na chini kina nywele za kushikia jiwe. Sasa ona kikombe hiki. Kikiwa cha mviringo hivi, ni cha familia ya Marchantia. Kikiwa cha nusu mwezi, hicho ni cha familia nyingine kabisa."

Sauti yake ilikuwa imeshageuka ya mwalimu. Kwa dakika hizo chache alisahau jioni, na bibi naye akainama karibu.

"Na humo ndani kuna nini?"

"Watoto. Tone la mvua likidondoka humo linawarusha, nao wanaota pale walipoangukia. Ipo mimea dume na mimea jike, nayo huzaa kwa njia yake. Lakini watoto wa kikombe hawana baba."

Tabitha alicheka akipiga makofi. "Eee! Kumbe Mungu mwenyewe ndiye aliyeanza! Nyumba ya mama, watoto wa mama!"

Mokami aliona amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Akasema haraka:

"Lakini mama, hiki hakikuletewa Nchagwa."

Kicheko kilikatika. Bibi alikitazama kile kikombe kidogo, akamtazama Mokami, na kwa kitambo uso wake ukawa wa mtu anayetaka kuuliza jambo. Kisha akayakunja magazeti taratibu, asivunje hata kimea kimoja, akayarudisha chini ya godoro.

"Basi wewe si mmea, mwanangu," alisema kwa upole. "Kaoge. Nimeshakuwekea maji ya moto."

Jioni ilipoingia, mbwa alibweka langoni, akanyamaza kama anayemfahamu mgeni.

"Shikamoo, mama," sauti ya Nchagwa ilisikika uani.

Tabitha alitoka kumpokea. "Marahaba, baba. Karibu. Yumo ndani."