Uvimbe Mpole

Mshonaji alikuwa katikati ya pindo la shuka la kijani, la chumba cha upasuaji, pale karani wa orodha za wagonjwa alipoingia chumba cha ushonaji cha hospitali na kumwekea karatasi juu ya meza ya cherehani.

"Mama, tia sahihi hapa, nifunge faili."

Mshonaji aligeuza kichwa chote. Upande wa kulia macho yake hayakumpa tena kitu ila ukungu. Akasoma polepole: *Mgonjwa ameshauriwa, naye amechagua kusubiri.*

"Nani amechagua?"

"Ni maneno tu, mama. Wakaguzi wanakuja keshokutwa. Hawataki kukuta mtu kakaa kwenye orodha miaka mitatu bila sababu."

Miaka mitatu nyuma uvimbe wa kichwani mwake ulikuwa kama punje ya harage. Daktari alisema mionzi ingeuzuia usikue. Karani huyuhuyu akasema mashine ni ya wenye saratani; wake si saratani, ni uvimbe mpole, asubiri. Sasa ulikuwa kama limau, umebana mishipa ya macho, na mionzi peke yake haikutosha. Lazima kichwa kifunguliwe, upesi, kabla upande wa kushoto nao haujazima.

"Mpole," alisema. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama, mwanangu. Yule shemeji wa mkurugenzi, wake ulikuwa saratani?"

Karani aliisogeza kalamu mbele yake.

"Wiki sita za mionzi alipata. Mashuka aliyolalia niliyashona mimi."

"Usipotia sahihi nitaandika umekataa matibabu. Nitakutoa kwenye orodha."

"Andika utakavyo, kwa mkono wako. Huu wangu siuazimishi."

Akaigeuza karatasi upande mtupu, akachukua kalamu. Akaanza na tarehe ya kwanza: alifika dirisha gani, nani alimjibu, alijibiwa nini.

"Mama, saa kumi hii. Naitaka karatasi yangu."

"Ifuate kesho. Ndiyo kwanza naingia mwaka wa pili."

"Unajitafutia makubwa."

"Makubwa ninayo kichwani."

Karani alisonya, akatoka. Mshonaji akainama zaidi. Mstari ulifika ukingo wa kulia wa karatasi, ukauvuka, ukaendelea juu ya ubao wa meza, tarehe baada ya tarehe, kwa mwandiko safi, na yeye hakuuona.