Mwizi wa Ukurasa wa Nne

Rachida, binti wa fundi cherehani Shafi, alikuwa na miaka kumi na miwili na tayari alikuwa na wasomaji wake. Baba yake alimpa makaratasi yaliyokwisha kukatiwa vipimo vya nguo. Yeye akayakunja, akayashona katikati kwa uzi na kuyageuza kuwa bede, hadithi za picha kama zile za Kifaransa, ila hizi zilitokea papo hapo shuleni kwao Lubumbashi. Wanafunzi watatu, siri moja, na mwishoni mkosaji anashikwa. Nani alikata kamba ya bendera? Nani alikula mkate wa Mwalimu? Darasa la sita zima lilisoma kwa zamu, kila mmoja akimpumulia mwenzake shingoni.

Ndipo likapotea sanduku la vitabu. Lilikuwa sanduku la bati, zawadi kwa shule, limejaa vitabu vya hadithi ambavyo watoto waliahidiwa tangu mwaka uliopita. Waliporudi kutoka likizo ya Pasaka, halikuwepo ofisini.

"Rachida, chora!" wakamwambia. "Ututafutie mwizi!"

Alichora siku tatu. Alihitaji mwizi, na hakuwa naye. Kuchora watu si kazi rahisi. Miguu ndiyo iliyomshinda siku zote. Mtu mmoja tu aliweza kumchora akatambulika hata kwa kivuli: Papa Mwenze, mlinzi wa shule, aliyechechemea tangu alipoanguka akivuka reli. Bega moja chini, mguu mmoja ukiburutwa nyuma, basi. Hakuwa na ugomvi naye. Papa Mwenze alimfungulia lango hata alipochelewa. Lakini picha ilikaa vizuri, naye hakuwa na moyo wa kuiacha. Katika ukurasa wa nne mwizi anayechechemea akavuka uwanja akisukuma toroli lililofunikwa gunia. Kalamu ikavuja hapo, ikaacha doa jeusi juu ya gunia. Rachida akalizungushia mstari, likawa tundu.

Bede ikapita mkono kwa mkono, ikatoka shuleni ikaingia majumbani. Wiki haikwisha, ikawa mbele ya kamati ya wazazi.

"Batoto banaonaka bintu sisi hatuone," akasema mama mmoja, akiinyanyua juu kama ushahidi.

Mkuu wa shule akawaita wanafunzi mmoja mmoja. Kiki akasema alimwona Papa Mwenze na toroli. Précieux naye akaapa. "Ilikuwa na gunia juu," akasema, "na ile gunia ilikuwa na tundu nyeusi, hapa."

Rachida, aliyekuwa akingoja zamu yake mlangoni, akalitambua doa la kalamu yake. Précieux hakuwa anadanganya. Alikuwa anakumbuka kweli, ila alichokumbuka ni ukurasa wa nne.

Zamu yake ilipofika, akaulizwa kama kuna alichokiona. Akasema hapana. Akarudi darasani bila kuutaja ukurasa wa nne. Mchana huo huo Papa Mwenze akakabidhi funguo.

Wiki mbili baadaye, mafundi waliokuja kuziba paa la stoo ya parokia wakalikuta sanduku nyuma ya mifuko ya saruji. Mkuu mwenyewe alilipeleka huko kabla ya likizo, akasahau. Vitabu vikagawiwa. Darasa la sita likapiga makofi.

Rachida akaenda ofisini. "Papa Mwenze atarudia kazi yake?"

"Nilishaandika ripoti," akajibu Mkuu bila kuinua macho. "Mulinzi mupya iko. Uende kwa darasa."

"Lakini ni miye. Ile tundu, ni bic yangu ilivuja…"

"Mutoto, mi naweza kufukuza muntu juu ya desen, picha ya batoto?" Akacheka kidogo. "Kulikuwa bashahidi. Uende."

Jumamosi akaenda Kasungami, nyumbani kwa mlinzi, bede imefichwa chini ya mtandio. Alimkuta Papa Mwenze ameketi mlangoni akipukuchua mahindi. Mkewe, Mama Agnès, alikuwa ndani akifunga vyombo katika kitenge. Walikuwa wanahamia kijijini Lukafu, kwa kaka yake Mama Agnès, wakalime.

Mzee alifurahi kumwona, furaha iliyomuumiza Rachida kuliko matusi.

"Balisema kuko muntu aliniona," akamwambia. "Kila siku najiuliza, nani? Weye njo unajua mambo ya kutafuta bezi. Unitafutie ule muntu, mutoto yangu. Nijue tu jina."

Rachida akafunua ukurasa wa nne, akampa. Mzee akauweka mbali na macho yake, akatabasamu.

"Eh, ni miye! Ona mguu. Umenipata kabisa!"

"Papa, njo kile baliona. Hakuna muntu alikuona. Baliona desen yangu."

Tabasamu likafifia, kisha mzee akatikisa kichwa. "Hapana. Miaka kumi na tisa nafungua lile lango. Muntu hafukuzwe juu ya karatasi. Kuko muntu. Ni Alphonse, ule fundi wa mabenchi ya shule. Hakunipendaka."

Alphonse hakuwa amesema neno lolote. Rachida akaeleza tena, akaeleza mara ya tatu, na kila alivyoeleza, kosa la Alphonse likazidi kukua. Miaka kumi na tisa ilitaka adui mzima mwenye jina na sura. Karatasi ya cherehani haikutosha.

Mama Agnès alikuwa amesimama kizingitini. Yeye alisikia, na yeye aliamini. Akaichukua bede kutoka mkononi mwa mumewe, akaifunua ukurasa kwa ukurasa hadi mwisho, pale wanafunzi watatu wanapocheka na mwizi amefungwa kamba. Hakuichana. Akamrudishia Rachida.

"Rudia kwenu, mama," akasema. "Usimwambie tena. Umwachie Alphonse yake."

Kesho yake Papa Mwenze akamfuata Alphonse nyumbani kwake, akamwita mchawi mbele ya watoto wake. Jumatatu lori la Lukafu likawachukua, yeye na mkewe.

Habari ya Alphonse kuitwa mchawi ilifika shuleni kabla ya saa ya mapumziko. Watoto wakamzunguka Rachida. Kiki ndiye aliyeanza kusema. Siku ile ya mashahidi, akasema, yeye alimwona Alphonse kwa macho yake akiingia ofisini kwa Mkuu.