Dirisha la Futi Mbili

Bwana Afya alitaka dirisha. Nyumba ya Nkwabi ilikuwa ya vyumba viwili vya miti na udongo kando ya Mto Mirongo, na kwa miaka minne hakuna aliyelalamika kwamba haina dirisha. Lakini mwaka ule panya walikufa ovyo mjini Mwanza, dalili ya tauni, na serikali ilipoona panya wanakufa ikaanza kuvunja nyumba za watu. Karani wa Bwana Afya, Venant, aliisoma karatasi pale mlangoni kwa sauti ya kanisani: nyasi za paa zitoke, kuta za ndani zipigwe udongo upya zisiwe na tundu hata moja, chumba cha mbele kitobolewe dirisha la futi mbili kwa futi mbili. Watarudi baada ya wiki mbili, Jumamosi saa tatu asubuhi. Wakikuta bado, nyumba inavunjwa siku hiyohiyo.

Nkwabi alikuwa mpakiaji wa marobota ya pamba stesheni. Mtu wa mshahara huo haiti fundi, anakuwa fundi mwenyewe. Yeye na mkewe Paskazia waliokota madebe matupu ya mafuta ya taa nyuma ya duka la Shantilal, wakayapasua, wakayanyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, wakayapigilia paani moja juu ya jingine kama magamba ya samaki. Misumari ilitoka kwenye makasha mabovu, imepinda yote, na Paskazia aliinyoosha mmoja mmoja huku akiimba. Paa likawa zito mara tatu kuliko lile la nyasi. Hawakulipima, walilitazama tu linavyong'aa, wakacheka kama watoto.

Ikafika Ijumaa, limebaki dirisha na udongo wa ndani. Ndipo alipoingia mama mkwe.

Alikuja kwa miguu kutoka Misungwi, na kichwani ana kapu tupu. Nkwabi aliliona kwa mbali, moyo ukamshuka. Nzige walikuwa wamemaliza mtama kule kwao, kwa hiyo hakutegemea zawadi. Lakini kapu kubwa namna ile halibebwi tupu safari nzima bila sababu. Lilikuwa la kubebea vyungu vya Paskazia. Baba mkwe alishatuma maneno mapema: mwanangu hakuolewa aje alale uwanjani, nyumba ikivunjwa anarudi kwetu mpaka mumewe apate nyingine. Nkwabi alijua hiyo nyingine ingemchukua miaka, na mwanamke akikaa miaka kwa baba yake, wachumba hawakosekani. Alimpenda mkewe. Hakuwa hodari wa kulisema jambo hilo kwa mdomo, basi wiki mbili nzima alikuwa akilisema kwa nyundo.

Mama mkwe aliliweka kapu lake karibu na mlango, akaomba jembe, akaanza kukanyaga udongo. Anasaidia, Nkwabi alijisemea, ili kesho asiambiwe hakusaidia. Alimchukia kidogo kwa hilo, na aliona haya kumchukia.

Kazi yenyewe ilikuwa na kasheshe yake. Kwa Wasukuma wa kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawaitani wala hawasemezani. Neno likiwepo linapita kwa mtu wa tatu. Basi mama alifanya kazi ndani, Nkwabi akafanya nje, na Paskazia akawa mjumbe wa kuzunguka nyumba. Nkwabi akitaka kusogea mlangoni, anakohoa kwanza. Mama akisikia kikohozi anakwenda kujibanza kona ya mbali na mlango, anajifunika kaniki yake kichwani, mpaka hatari ipite. Kufikia adhuhuri Nkwabi alikuwa amekohoa mara nyingi hata Dorotea, jirani ambaye mama angelala kwake, akamuuliza kutoka uani kwake kifua kimempata lini.

Alasiri maji yakakaribia kuisha. Paskazia akabeba debe aende mtoni.

"Nguzo usiikate mpaka nirudi, bwana," alisema. "Nimwambie mama kwanza."

"Sawa."

Alisema sawa, na wakati ule alimaanisha. Alikuwa ameshabomoa udongo wa nje na kukata fito, na katikati ya alama ya dirisha ilisimama nguzo moja iliyobeba boriti ya paa. Ilibidi itoke. Fremu ilikuwa tayari, ameichonga kwa mbao za mtumbwi mkuukuu aliopewa ufukweni, nzito na imara. Hesabu yake ilikuwa hii: ukuta wa miaka minne umekauka kama tofali, utaishika boriti kwa kitambo cha kuondoa nguzo na kusimamisha fremu. Hesabu haikuwa mbaya. Lakini jua lilikuwa linateremka kuelekea ziwani, na Paskazia hakuonekana. Nkwabi alitazama njia ya mtoni, akatazama jua, akalitazama lile kapu mlangoni.

Akachukua msumeno.

Alikata juu, chini ya boriti kabisa. Kisha akakata chini. Alipouchomoa msumeno aone umefika wapi, bapa lake lilikuwa limepakaa tope.

Alilishika kwa kidole. Lilikuwa tope bichi, linachuruzika. Mara akayasikia yaliyokuwa yakisikika muda wote, ila yeye hakuwa na nafasi ya kuyasikiliza: maji yanamwagwa ukutani kwa kibuyu, upande wa pili, mkono mmoja kutoka pale alipo. Ukuta wa zamani haushiki udongo mpya mpaka unyweshwe maji, kila mwanamke anajua hilo. Mama mkwe alikuwa akifanya kazi yake sawasawa. Alikuwa ameyatumia maji yote yaliyobaki kwenye ukuta huu huu.

Juu, madebe yakalia.

Nkwabi alifanya lile ambalo mwili wake umezoea. Alikohoa. Alikohoa kwa nguvu, mara mbili, mara tatu, akitaka yule mama atoke nje. Na kule ndani akasikia nyayo zikikimbia, si kuelekea mlangoni, bali kwenda kona ya mbali na mlango, chini ya mwisho wa boriti ileile, akajifunike kaniki asionwe na mkwe wake.

Nimemuua, aliwaza. Nimemuua mama yake kwa kikohozi.

"Mayu!" alipiga kelele. Alikuwa hajawahi kumwita mama, wala kwa neno lolote, maishani. "Mayu, toka nje! Nyumba inaanguka!"

Hakutoka. Labda hakuamini kwamba anaitwa yeye. Nguzo ikateleza, kipande kizima cha ukuta kikamomonyoka na kuanguka kama ugali uliozidi maji, na boriti ikashuka. Nkwabi alitupa msumeno, akaingiza bega tundu lile, akaipokea. Uzito wa madebe yote aliyokuwa akiyachekelea ukamkalia shingoni. Marobota ya pamba alikuwa ameyabeba, lakini robota linafika mahali ukalitua.

Alipoinua macho akauona uso wa mama mkwe wake, ametoka kule konani.

Ulikuwa mbele yake kabisa, umejaa matone ya tope, hauna kaniki. Alishangaa kuona una mwanya wa Paskazia na macho ya Paskazia yaliyochoka.

"Toka, mayu. Mlango upo wazi."

Yule mama aliutazama mlango. Ulikuwa hatua nne tu, na kando yake lipo kapu. Angetoka tu, mambo yote aliyoyajia yangekuwa yamekwisha: hakuna nyumba, hakuna ukaguzi, binti anarudi Misungwi. Hata lawama asingepata.

"Nikitoka utaibeba na nani?" alisema. Akaweka mabega yake chini ya boriti kwa ndani, akasukuma.

Walisimama hivyo, yeye ndani na mkwe nje, pumzi zao zikigongana. Nkwabi hakujua ni kwa muda gani. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Msumari mmoja paani ulitoka, ukabingirika juu ya madebe, ukaanguka chini.

"Nguvu zako zipo?" mama akauliza.

"Zinaisha."

"Zangu pia. Usiache."

Ndipo debe la maji lilipoanguka uani na Paskazia akapiga yowe.

"Usilie!" mama yake alimkemea. "Leta kinu! Na mchi!"

Paskazia alikibingirisha kinu kutoka jikoni mpaka chini ya boriti, akakipandisha juu ya jiwe bapa, akasimamisha mchi ndani yake. Ulikuwa mfupi kwa vidole vinne.

"Haifiki, mama!"

Yule mama alimkazia macho Nkwabi, bila mjumbe, bila haya.

"Inua," alisema. "Tuinue wote. Sasa!"

Waliinua. Nkwabi alihisi kitu kikipasuka mgongoni, na hakujali. Paskazia akachomeka kipande cha ubao juu ya mchi, kisha cha pili, akavigonga kwa nyundo. Boriti ikakaa. Hakuna aliyethubutu kuondoa bega lake, mpaka Paskazia akawaambia mara mbili waachie.

Fremu waliisimamisha jua likiwa juu ya maji, na hadi giza linaingia walikuwa wakijaza udongo kandokando yake. Mama aliokota kaniki yake, akajifunika tena, akageuka mgongo. Hakusema na Nkwabi neno jingine.

Jumamosi saa tatu Bwana Afya akaja na fimbo yake. Alipima dirisha, akanung'unika, kwani lilizidi kidogo zile futi mbili kila upande. Akaigonga fremu. Akaigonga tena kwa nguvu, palepale ukuta ulipokuwa bado mbichi, na Nkwabi akashika mkono wa mkewe mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mbao za mtumbwi zilitoa mlio mzito. Hakuna kilichotikisika. Bwana Afya akasema neno kwa Kiingereza, na Venant akachovya burashi katika lami, akaandika namba mlangoni.

"Imepita," alisema. "Chumba cha nyuma bado hamjapiga udongo. Mna wiki moja."

Walipoondoka, mama mkwe alitoka kwa Dorotea amejifunika gubigubi. Nkwabi akakohoa, akasogea mbali na njia, akaangalia chini. Aliona miguu yake tu ikipita, ikasimama penye kapu, ikaondoka nalo. Sasa anaondoka, alifikiri, na hata shukrani sijampa.

Lakini miguu haikushika njia ya Misungwi. Ilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye shimo la kuchimbia udongo. Nkwabi alisikia jembe. Kisha yule mama akapita tena mbele yake, polepole kwa sababu ya uzito, na kapu limejaa udongo.

"Paskazia," alisema kwa sauti ya kumfikia mkwewe, "mwambie mwenye nyumba safari hii aseme mapema anapokata nguzo."