Masale ya Mstahiki Meya

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Mektrida alishusha mikungu miwili ya mshare, ndizi za kupika, mbele ya kizimba namba kumi na nne, soko la Kiboriloni, akakuta kimefungwa kufuli jipya. Alikuwa ameuzia pale miaka kumi na tisa. Soko lilipotaka kujengwa upya, wenye vizimba waliambiwa wawapishe mafundi, wakimaliza kila mtu atarudi pake. Mektrida alipisha. Sasa bati lilikuwa jipya, na kizimba kilikuwa cha Davis, mpwa wa Meya, aliyejaza humo makava ya simu.

Alitandika gunia kando ya mtaro, akamwachia jirani ndizi, akaenda kwa Meya.

Mstahiki Meya Eliakim alikuwa mhasibu wa chama kimoja cha kahawa kwa miaka ishirini na mbili, na hata maadui zake walikiri kwamba vitabu vyake havikuwahi kupishana. Ndiyo maana watu walimpa udiwani, kisha madiwani wakampa umeya. Anayejua hesabu hawezi kutuibia, walisema. Orodha ya vizimba, kwa bahati mbaya, haikuwa hesabu.

Kwa Wachagga, isale ndilo jani la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu unampelekea isale lililofungwa fundo, naye hakatai hata kama umemuulia ng'ombe. Akishapokea, neno lile halitajwi tena. Mwaka wake wa kwanza Meya aliagiza masale kutoka kwao Machame kila wiki. Mwaka wa pili yalianza kumea kwenye bega lake la kulia, mabichi, yenye afya, bila maumivu. Fundi wake wa nguo alimwachia tundu kwenye koti. Gladys, katibu muhtasi, aliyamwagilia kwa kikombe kabla ya kufungua barua. Suala hilo lilifika kwenye baraza la madiwani chini ya mengineyo, na Meya akapongezwa kwa kuokoa nauli.

Jumatatu hiyo Meya alimwamkia Mektrida shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha alichuma jani begani, akalifunga fundo, akampa kwa mikono miwili.

"Nimekukosea, mama. Naomba unisamehe."

Mektrida alilelewa na mama yake akijua kwamba anayekataa isale anaita msiba nyumbani. Alilipokea, na Gladys akafunga faili.

Wiki nzima aliuzia kando ya mtaro. Jua liliivisha mshare kabla ya saa sita, na mshare ulioiva hauna mpishi, kwa hiyo jioni aliurudisha nyumbani akampa ng'ombe. Alitaka kurudi kudai, lakini alikuwa amekwisha kusamehe. Siku ya Jumapili, akitoka misa ya kwanza, wazo lilimjia: Meya naye ni Mchagga, isale hawezi kulikataa. Alikata moja mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo wa marehemu mumewe, akalifunga vizuri, na Jumatatu alivaa kitenge cha sikukuu.

"Mheshimiwa, nimekuletea hili," alisema. "Naomba kizimba changu."

Meya alisimama. Alikuwa mtu wa mila, na machozi yalimlengalenga. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Mama, anayeleta isale ndiye aliyekosa. Nimekusamehe kabisa."

"Nimekosa nini, baba?"

Meya alifikiri. Uhasibu ulimzoeza kutoacha nafasi wazi.

"Gladys," alisema, "andika kosa: usumbufu."

Gladys aliandika. Mektrida alishukuru, maana aliyesamehewa hushukuru, akashuka ngazi taratibu akishika ukuta.

Wanawake wenzake waliouzia kando ya mtaro walimuuliza mambo yamekwendaje. Aliwaambia amesamehewa. Walimpa pole, kisha wakampa hongera, wakasogeza magunia yao ili lake lisiingie kwenye maji ya mtaro.