Siku Nakhumicha Aliposahau Kusoma

Waithaka hakuwahi kumfukuza mpangaji. Aling'oa tu mlango wako, akasema unapelekwa kutengenezwa, na fundi hakumaliza kamwe. Mpangaji mmoja, Trizah, alipokataa kuhamishia kura yake wadi ya Bahati, alilala wiki nzima nyuma ya pazia na watoto wake, kisha akahama mwenyewe. Ploti nzima ya vyumba vya kupanga, mtaani Free Area, ikaelewa somo. Mwenye nyumba alikuwa anagombea uwakilishi wa wadi huko kwao Bahati, na wapangaji wake wakaenda kujiandikisha huko, watu ambao hawajawahi kupanda hata kiazi kimoja.

Siku ya kura lori liliwachukua kabla jua halijatoka. Njiani Levis, keateka aliyeangalia ploti kwa niaba ya mwenye nyumba, na siku hiyo ajenti wa Waithaka kituoni, akawapa neno la mwisho.

"Ukifika kwa karani, sema hujui kusoma. Ofisa atakuuliza unataka nani, na mimi nitakuwa hapo nikisikia. Mzee hataki story za kuambiwa."

Nakhumicha aliinamisha kichwa. Alimaliza kidato cha nne, jamani. Kazi yake ilikuwa kufulia watu nguo, lakini kila Jumapili yeye ndiye aliyesoma neno kanisani, na watu walinyamaza kumsikiliza. Hakuwa na kingine cha kujivunia. Ila nyumbani alikuwa na binti yake Valarie, wa darasa la pili, na mlango.

Kituo kilikuwa shule ya msingi katikati ya mashamba. Nyuma yake kwenye foleni alisimama mwanamke mzee, shosho mmoja aitwaye Mugure, amevaa kitambaa kipya kichwani kama mama wa bibi harusi, macho yake yameganda kwenye maandishi ya ukutani.

"Usiniambie, mwanangu. Wacha nisome mwenyewe. Bi-dii... hu-le-ta..." Akakwama.

"Ufanisi, shosho."

"Ufanisi! Eeh!" Akacheka mpaka watu wakageuka. Kumbe alikuwa mwanafunzi wa ngumbaru, darasa la wazee. "Kura iliyopita nilisaidiwa na kijana fulani, akanipigia mtu wake. Nikasema hapana, haki ya Mungu, lazima nisome. Leo naingia peke yangu."

Nakhumicha alifurahi naye kwa dhati. Kwa muda mfupi alisahau kabisa kilichomleta pale.

Kisha zamu yake ikafika. Levis alikuwa ameketi na maajenti wengine, kalamu sikioni.

"Sijui kusoma," Nakhumicha akamwambia karani. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ai!" Mugure akadakia kutoka mlangoni. "Karani, huyo anakutania. Si ndiye amenisomea ukuta hapo nje?"

Ofisa msimamizi akainua kichwa. Levis alimtazama tu Nakhumicha, jinsi fundi anavyotazama mlango kabla ya kutoa bisibisi.

"Nilikisia tu, shosho," Nakhumicha akasema bila kugeuka. "Hayo maneno yako kila shule."

"Basi unamtaka nani?" ofisa akauliza.

"Waithaka."

"Sema kwa sauti, maajenti wasikie."

"Waithaka!" Sauti ile ile ya Jumapili ikajaa darasa zima.

Alipotoka alisimama kando ya lori, uso ukimwaka kwa aibu. Mugure akaja polepole, kidole chenye wino kikiwa juu. Nakhumicha alijiandaa kutukanwa. Aliomba kabisa atukanwe, angalau wawe sawa. Lakini shosho akamshika mkono.

"Wewe, usione aibu. Hata mimi nilikuwa nakisia hivyo hivyo, miaka mingi, hata kanisani nikishika Biblia juu chini. Nisamehe vile nimekuchoma mbele ya watu. Sikujua."

"Si kitu, shosho."

"Kuja ngumbaru Jumatano. Wewe bado msichana, utashika haraka."

"Asante."

Wenzake walikuwa wanapanda lori. Levis alikuwa amesimama kwenye mlango wa darasa, akitafuna muwa na kuwatazama. Mugure akamvuta Nakhumicha hadi ukutani, akachukua kidole cha mwenzake chenye wino na kukiweka juu ya herufi za kwanza.

"Tuanze na hii. Hii ni 'bi'. Sema, mwanangu."

Nakhumicha akamtazama Levis, kisha ukuta.

"Bi," akasema.