Kizingiti Kilicholala

Kila Jumamosi, saa nne asubuhi, Gicheru aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa nyumba ya kaka yake, akavua koti, akakunja mikono ya shati na kuingia chumbani kumwogesha. Hakuwahi kuchelewa, na kwa sababu hiyo ilikuwa vigumu kumlalamikia. Alikuwa mfugaji. Mwaka uliotangulia ng'ombe wake alivishwa utepe katika maonyesho ya kilimo mjini Nyeri, na Gicheru hakuona haja ya kubadili mbinu iliyokwisha kupata utepe. Alisugua kwa brashi, kuanzia shingoni kurudi nyuma, huku akiimba nyimbo za kanisani. Alipomaliza alipanda baiskeli akaenda sokoni Giakanja, ambako watu walimuuliza mgonjwa anaendeleaje. Naye, kwa kuwa hakulelewa kusema uongo, aliwaeleza.

Murugi aligundua jambo hili katika juma la kwanza la likizo, mwezi wa Julai mwaka 1979, alipotumwa dukani kununua sukari.

"Haiya, Murugi, umetoka Nairobi!" alisema Waithira mwenye duka, macho yakiwa kwenye mizani. "Na lile kovu la baba yako, la hapa kiunoni, ati sasa limefunga vizuri?"

"Kovu gani?"

"Si lile lililo karibu na baka jeusi."

Murugi alikuwa na umri wa miaka ishirini, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi katika chuo kikuu, na hadi asubuhi hiyo hakuwa amewahi kufikiria kwamba baba yake alikuwa na kiuno. Alichukua sukari akaondoka bila kuaga.

Baba yake, Ngatia, alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa na mzee wa kanisa. Miaka miwili kabla ya hapo alipanda juu ya lori kuhesabu magunia, lori likaondoka kabla hajamaliza, naye akaanguka na kuvunjika mgongo. Hospitali ilimpa kiti cha magurudumu, kizito kama jiko la chuma. Mkewe, Watiri, alimwogesha chumbani kwa karai mpaka bega lake lilipokataa. Ngatia hakuwa na mtoto wa kiume, na hata angekuwa naye, si jambo la heshima mtoto kuuona mwili wa mzazi wake. Akabaki Gicheru.

Jioni hiyo Murugi alimweleza baba yake kwamba atabadilisha bafu. Ngatia alikuwa akisoma gazeti. Alimwita binti yake "Mama", kwa kuwa Murugi alipewa jina la nyanya yake, mamake Ngatia, na kwa desturi ya nyumba hiyo jina lilikuja na cheo chake.

"Mama," alisema, "uliniogesha nilipokuwa mtoto. Hiyo ilitosha."

"Sitakuogesha, Baba. Utajiogesha mwenyewe. Utaingia kwa kiti chako na kutoka kwa kiti chako."

Ngatia alilikunja gazeti mara mbili, kisha mara ya tatu, ingawa halikuhitaji.

"Peke yangu?"

"Peke yako."

"Gicheru akiwa wapi?"

"Popote atakapopenda."

"Basi niko na sharti moja tu," alisema Ngatia. "Mlango uwe na komeo. Ndani."

Hapo ndipo walipokosana. Murugi alimweleza, kwa upole na kwa hoja, kwamba mtu asiyeweza kusimama hapaswi kujifungia. Akiteleza, nani atamfikia? Usalama ndio msingi wa usanifu wote. Ngatia alisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wakulima waliodai kwamba kahawa yao ilipimwa vibaya.

"Mlango usio na komeo ni pazia," alisema. "Pazia ninalo tayari." Akalikunjua gazeti.

Murugi hakulichora komeo.

Vitu vingine vyote alivichora. Bafu la zamani lilikuwa mwisho wa baraza, chumba cha mawe chenye futi tano kwa sita, chenye ngazi moja ya kupandia na mlango wa inchi ishirini na nne. Kiti kilikuwa na upana wa inchi ishirini na tano. Kwa miaka miwili Ngatia alikuwa amelitazama bafu lake kupitia inchi moja ambayo haikuwepo. Murugi alichora mlango wa inchi thelathini na nne, unaofunguka kwa nje. Mteremko wa saruji barazani badala ya ngazi. Sakafu ngumu isiyolainishwa, inayoinama inchi moja kwa kila futi nne kuelekea tundu la kona ya nyuma. Penye ukuta, benchi la mawe lenye kimo sawasawa na kiti, ili mtu ajivute kutoka hapa hadi pale bila kupanda wala kushuka. Kwa mkono wa kushikilia, mabomba ya chuma yaliyotupwa shambani pampu ya zamani ilipokufa. Kwa maji, pipa juu ya nguzo ya mawe upande wa nje, limevishwa magunia dhidi ya baridi. Watiri atachanganya maji ya moto na ya baridi, atapima joto kwa kiwiko, na maji yatapita kwenye mpira hadi kwenye mkebe wa maziwa uliotobolewa kwa msumari. Alitembea hadi Kiganjo kuuliza bei ya saruji, akarudi akiwa ameifuta nusu ya michoro yake na kuifanya kuwa bora zaidi.

Fundi wa mawe alikuwa Theuri, rika la Ngatia, mtu wa maneno machache na mwiko safi. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Nani amechora?"

"Mimi."

"Umechora vizuri. Umesahau kizingiti."

"Sikukisahau, Mzee Theuri. Hakipo."

Theuri aliutazama tena, kama kwamba kizingiti kingeweza kuwa upande wa nyuma wa karatasi. Kisha akasema "Sawa," na Murugi, ambaye bado aliamini kwamba neno hilo lina maana moja, akaenda kuchuma chai.

Siku ya nne mlango ulikuwa umepanuliwa, benchi limesimama, sakafu inainama inavyopaswa. Mlangoni palikuwa na kizingiti cha inchi nne, kimenyooka, kimepigwa pembe kali, bila shaka kizingiti kizuri kuliko vyote katika Tetu.

"Hicho sikukuhesabia," alisema Theuri. "Ni zawadi yangu kwa baba yako."

Murugi alimshukuru, akaazima tindo yake na kuanza kukibomoa. Theuri alimtazama kwa huzuni ya mtu anayetazama mgeni akimwaga uji. Murugi alipochoka, Theuri alimaliza kazi hiyo mwenyewe, kwa kuwa hakuvumilia kuona mawe yakipigwa vile.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na kizingiti cha inchi mbili.

"Hiki ni kidogo," alieleza Theuri.

"Mzee Theuri!"

"Maji yatatoka, mami. Yatafuata baraza, yaingie sebuleni, na watu waseme ni Theuri alijenga. Nyumba bila kizingiti ni kibanda cha kuku."

Murugi alikuwa na majibu matatu, yote kutoka vitabuni, lakini kabla hajachagua moja, baba yake alisukuma kiti chake hadi barazani. Alikuwa amevaa kofia na skafu, maana ukungu ulikuwa haujaondoka.

"Theuri," alisema, "nisaidie nikae pale kwenye benchi. Wewe kaa hapa kwangu."

Walimbeba wakamkalisha bafuni. Theuri alikaa kwenye kiti cha magurudumu, akaweka mikono kwenye matairi na kusukuma kuelekea mlangoni kwa kasi ya mtu anayejiamini. Magurudumu madogo ya mbele yaligusa zile inchi mbili yakasimama. Theuri hakusimama. Alikwenda mbele peke yake, akashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, akabaki hapo, nusu ndani na nusu nje, kofia yake ikiwa bafuni.

"Karibu kwangu," alisema Ngatia.

Hakuna aliyecheka. Theuri alirudi kwenye kiti polepole akakaa. Alikitazama kizingiti.

"Ngatia, wewe unajua," alisema hatimaye. "Uashi nilijifunza kizuizini, enzi za mkoloni. Tulijenga mabanda na tukalala humo. Hayakuwa na vizingiti. Maji yaliingia yakatukuta sakafuni, na askari aliingia vivyo hivyo. Nikasema, nikitoka hapa, kila mlango nitakaoujenga utakuwa na kizingiti. Mtu akivuke akijua anaingia kwa mtu."

"Najua," alisema Ngatia. "Nilikuwa banda la tatu. Kizingiti sikukikumbuka sana." Aliifunga skafu yake upya. "Mimi nakumbuka komeo. Lilikuwa upande wao."

Murugi alikuwa amesimama na tindo mkononi. Alijua kwamba baba yake alifungwa kwa miaka minne, kabla yeye hajazaliwa. Jambo hilo lilitajwa nyumbani kama inavyotajwa mvua ya mwaka fulani. Lakini hakuna mahali katika hesabu zake alipokuwa ameandika kwamba komeo lina upande. Alimtazama baba yake, naye alikuwa akilichunguza bomba la kushikilia, akilitikisa, kama karani anayekagua mizani.

Alikwenda ndani akaleta mchoro na penseli, akachuchumaa barazani.

"Mzee Theuri," alisema, "kizingiti kikilala, bado ni kizingiti?"

Theuri alifikiri. "Kikilala vipi?"

Alichora. Jiwe moja refu, lililochongwa, lingelazwa mlangoni sambamba na sakafu, la rangi tofauti ili mtu alione na ajue anaingia kwa mtu. Nyuma yake, upande wa ndani, mfereji mwembamba unaokwenda kwenye tundu, umefunikwa kwa vipande vya nondo vilivyopangwa karibu karibu. Kiti kitapita juu. Maji yakithubutu kuja mlangoni, yataanguka humo.

"Ningesema tufunike kwa wavu wa kukaushia kahawa," aliongeza, "ni rahisi zaidi."

"Wavu huo haubebi hata kahawa ikiwa nyingi," alisema baba yake kutoka bafuni. "Weka nondo."

"Na hapa," alisema Murugi, akichora kwenye mlango alama ndogo nyeusi, upande wa ndani, "ni komeo. Ila sijui tutamfikiaje akianguka."

Theuri aliichukua penseli. Mlango unaofunguka kwa nje, alieleza, bawaba zake hukaa nje. Pini za bawaba akiziacha bila kuzigonga vichwa ili zikwame, mtu huzichomoa kwa vidole na mlango mzima hutoka, hata komeo likiwa limefungwa. Alisema hayo bila majivuno. Kizuizini, inaonekana, walikuwa na wakati wa kufikiri kuhusu milango.

"Komeo nitaliweka chini," alisema, "mahali mkono wake unapofika."

Jumamosi, baada ya saruji kukauka, walimwaga madebe matatu ya maji sakafuni kwa mpigo. Maji yalikimbia hadi kona ya nyuma. Kiasi kidogo kilirudi mlangoni kwa ukaidi, kikaanguka mferejini. Theuri alipiga magoti akapapasa jiwe lake lililolala. Lilikuwa kavu. Alivua kofia.

Saa nne Gicheru alifika, akaegemeza baiskeli, akavua koti.

"Yuko wapi?"

"Anaoga," alisema Watiri.

Ngatia alikuwa akipanda mteremko wa baraza, taulo shingoni, sabuni mapajani. Hakuomba msaada na hakuna aliyethubutu kuutoa. Alivuka jiwe na nondo, zikalia kidogo chini ya magurudumu. Akaunyosha mkono, akauvuta mlango kwa kamba iliyofungwa upande wa ndani, na wote wanne waliokuwa barazani wakasikia chuma kikiteleza ndani ya chuma.

Walisimama. Baada ya muda maji yalianza kuteremka kutoka kwenye pipa.

"Na mgongo?" aliuliza Gicheru, brashi mkononi. "Nani atamsugua mgongo?"

"Nimemfungia kitambaa kwenye kijiti," alisema Murugi.

"Kijiti!" Gicheru alimgeukia Theuri apate shahidi. "Sasa wakiniuliza sokoni niwaambie nini?"

"Waambie mlango ulikuwa umefungwa," alisema Theuri.

Mara kitu kikaanguka bafuni kwa kishindo. Murugi alikuwa ameshika pini ya bawaba ya juu kabla ya kujua kwamba ameondoka alipokuwa. Pini ilikuwa imelegea kama alivyoahidiwa. Ilihitaji kuvutwa tu. Aliyasikia maji, na hakuna kingine. Akahesabu. Akafika saba.

"Baba?"

"Ni mkebe," ilisema sauti ya Ngatia. "Rudini mlikotoka."

Murugi aliiachilia pini. Alikwenda akaketi ukingoni mwa baraza.

Ngatia aliimaliza saa nzima, na maji yote ya pipa. Gicheru alikunywa chai mara mbili, akavaa koti lake na kulivua tena. Hatimaye komeo lilivutwa, mlango ukafunguka, na Ngatia akatoka kinyumenyume juu ya jiwe la Theuri, shati limefungwa vifungo hadi kooni, nywele zimechanwa. Aligeuza kiti barazani akawatazama mmoja mmoja.

"Maji yalikuwa ya moto kidogo," alimwambia mkewe.

Nyuma ya sikio lake la kushoto palikuwa na povu la sabuni, bonge zima, jeupe, likishuka polepole kuelekea kola. Wote waliliona. Gicheru alifungua kinywa, Watiri akamtazama, Gicheru akakijaza chai.

Hakuna aliyemwambia.