Tundu la Mzee Zabron

Siku ya harusi ya Ummekulsum, binti wa Esmail mwenye duka la mabati na misumari Ngamiani, Nehemia alipanda juu ya paa la zege la nyumba ya akina bibi harusi, akatandika kirago kidogo cha rangi ya machungwa, akaiweka droni yake katikati, akangoja. Baba mkwe wake, Mzee Zabron, alikikanyaga kirago pembeni kisipeperushwe na upepo. Chini wapishi walikuwa wakipakua biriani, na Esmail alishauliza mara mbili kama hicho kidude kimekuja kupiga picha au kimekuja kula.

"Inangoja nini?" Mzee Zabron aliuliza.

"Inatafuta kwanza ijue ipo wapi, Baba," Nehemia alisema. "Inazisikiliza setilaiti huko juu. Zikitosha, inaweka kichwani kwamba hapa ndipo nyumbani. Ukiirusha kabla haijaweka, siku ikipotea imepotea."

Rimoti ikatangaza kwa sauti ya kike kwamba nyumbani pameshawekwa. Droni ikainuka, ikazunguka juu ya vyombo na wageni, ikamfuata bibi harusi mpaka kwenye gari, kisha ikafuata msafara barabara nzima mpaka ikawa nukta. Hapo iliacha kumsikiliza Nehemia. Ilipanda juu kuliko minara ya misikiti, ikageuka, ikanyoosha mstari mmoja mpaka juu ya vichwa vyao, ikashuka taratibu na kutua kwenye kirago, kiganja kimoja tu kutoka pale ilipoondokea.

"Hukuiita," Mzee Zabron alisema.

"Haihitaji kuitwa. Muda wote inapiga hesabu. Nina nguvu kiasi gani, nyumbani ni mbali kiasi gani, upepo unanisukuma au unanizuia. Betri ikibaki ya kurudia tu, inarudi. Inapanda kwanza ivipite vyote virefu, ndipo inanyoosha. Ikikaribia chini inaiangalia ardhi kwa kamera ya tumboni, inalinganisha na ile iliyoiacha. Ikiona siyo, inasita."

Mzee Zabron aliitazama droni, ambayo ilikuwa bado ya moto.

"Chombo chenye adabu," alisema, na kwa mtu aliyekata mkonge maisha yake yote chini ya wanyapara wa kila namna, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Yeye mwenyewe wakati huo hakuwa na mlango. Mlango wake ulikuwa kambini, katika shamba la mkonge upande wa Pongwe, ambako baba yake aliletwa kutoka Kigoma kufanya kazi na hakurudi. Zabron alizaliwa kambini, akaoa kambini, akafiwa na mke kambini. Shamba lilipouzwa, kampuni mpya iliwaambia wastaafu kwamba nyumba zile zilikuwa za kazi, na kazi yao imekwisha. Waliahidiwa viwanja. Tingatinga likaja kabla ya viwanja, na viwanja mpaka leo havijaja. Lilikuwa jambo baya. Kila aliyesikia alisema ni jambo baya, kisha akaendelea na shughuli zake. Mzee Zabron akahamia kwa binti yake Ritha, mke wa Nehemia, huko Mabawa.

Baada ya harusi ile, alasiri moja, alikuwa amekaa uani kwenye kigoda akipukuchua mbaazi. Siku hiyo alikuwa amechoka. Alifikisha nusu ya bakuli, akaliweka chini vizuri lisimwagike, akainuka, na kigoda kikabaki. Alipita kamba ya nguo, akazikwepa nyaya za umeme, akaipita minazi ya jirani, na alipokuwa juu ya mnara wa simu alitulia kidogo, akaelekea Pongwe, akanyoosha. Ndala zake zilidondoka, moja uani na moja juu ya bati la jirani.

Ritha alifunika mboga, akamwita mumewe.

"Baba kaenda Pongwe," alisema. "Chukua pikipiki, umpelekee ndala."

Jirani alikuwa ameshaitungua ile nyingine kwa upondo. Aliirudisha na kuuliza kama mzee aliondoka ameshakula.

Kule kambini Nehemia alimkuta Sadalla, mlinzi wa kampuni, mtu wa Pongwe hapo hapo, amesimama kando ya seng'enge.

"Yuko pale," Sadalla alisema. "Kashuka polepole, wala hakugusa hata ugo wangu. Nshampa kahawa."

Mzee Zabron alikuwa amekaa juu ya kizingiti chake. Tingatinga lilibeba kuta, likabeba na mnazi wa mlangoni, lakini kizingiti cha saruji kilikuwa kimezama ardhini na kilibaki. Alikuwa ametua katikati yake kabisa, mgongo ukielekea ndani, kama alivyokaa kila jioni tangu apate ndevu. Nehemia alikizunguka kizingiti akikipima kwa macho. Droni yake hukosea kiganja. Mzee hakukosea hata kidole, na mkwewe alimvulia kofia kwa heshima ya kweli.

Basi ikawa hivyo. Mzee alishinda Mabawa, nguvu zikimbakia za kurudia tu aliinuka, na asubuhi Nehemia alimfuata kwa pikipiki. Ritha alimshonea mfuko wa kutilia shuka, wa kuning'iniza begani. Upepo wa kusi ulipovuma aliondoka mapema zaidi, maana kwenda kulikuwa na kazi. Akishiba ugali na samaki wa kupaka alichelewa. Hakuishiwa njiani hata siku moja. Watoto wa Mabawa walizoea kusema mzee akipita ni wakati wa kuanua nguo, na nguo zikaanuliwa kwa wakati kuliko mtaa wowote wa Tanga.

Ritha hakufurahi. Alimpenda baba yake, na alitaka alale kitandani na siyo juu ya saruji. Nehemia akajaribu kumwekea nyumbani upya, kama anavyofanya kwa droni. Alimsimamisha katikati ya ua, mbingu wazi juu yake, akamwambia, "Baba, hapa ndipo nyumbani."

"Asanteni," Mzee Zabron alijibu. Alasiri akaondoka.

"Mnasumbuka bure," aliwaambia kesho yake. "Kitovu changu mama alikizika pale mlangoni, akapanda mnazi juu yake. Mnazi wameung'oa. Kitovu hakijang'olewa."

Hilo Ritha alilielewa. Alikwenda Pongwe na ndoo tupu ya rangi, na kwa ruhusa ya Sadalla akachimba udongo kando ya kizingiti, pale kwenye shimo la mnazi, akaujaza, akaupakata kwenye pikipiki mpaka Mabawa. Kosa lake lilikuwa la mwanamke nadhifu. Hakutaka kuku wauparure wala mvua iubebe, kwa hiyo aliuzika barazani, chini ya bati, akaweka kiti cha baba yake juu yake. Alasiri ilipofika Mzee Zabron aliinuka kama kawaida, akagonga bati kwa utosi, akashuka tena kitini, damu zikimtoka.

"Tungejua," Nehemia alisema, akishika taa wakati Ritha akisafisha jeraha. "Hata droni hairushwi chini ya paa."

Mzee aliwashukuru kwa bendeji. Ritha alipokwenda kumwaga maji alikisogeza kiti mpaka uani, akaondoka. Udongo ulikuwa wa pale, lakini haukuwa pale.

Jeraha lilikuwa halijapona Sadalla alipoleta habari. Kampuni ilikuwa inajenga ghala la kuhifadhia katani, na ghala lilikuwa linapita juu ya kizingiti. Nguzo zilishasimama. Mabati yalikuwa njiani kutoka Ngamiani, kwa Esmail.

Ritha aliwaza usiku na mchana. Baba yake hufika Pongwe akiwa hana nguvu ya ziada hata ya kusogea pembeni, hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Angeshuka juu ya bati lililochomwa na jua tangu asubuhi, akakaa hapo juu mpaka aporomoke. Alivaa gauni lake la kanisani, akaenda kwa meneja.

Meneja, Bwana Lucas, alikuwa mstaarabu. Alimwagizia chai. Alishamwona mzee akipita juu ya ofisi yake na aliwahi kumpungia mkono.

"Sikuja kudai shamba," Ritha alisema. "Wala nyumba. Naomba pale mlangoni tu, padogo kama kirago. Ghala lipite kando."

"Dada yangu, pale ni pa kampuni," Bwana Lucas alisema kwa upole. "Nikirudisha padogo kama kirago, kesho watakuja wote wa kambi, kila mmoja na kirago chake."

"Ndiyo," Ritha alisema. "Wangekuja."

Walikunywa chai. Bwana Lucas alikuwa na baba mzee kule Lushoto, na roho ilimuuma.

"Ardhi siwezi," alisema mwishowe. "Lakini tundu naweza. Nitamwambia fundi aache tundu kwenye paa, mzee apite. Kampuni inajali wazee."

Ritha alishukuru kwa sababu alilelewa kushukuru. Alipofika barabarani alilia kwa hasira, akafuta uso, akanunua nyanya.

Fundi alikuwa Idarusi, na tundu alilikata vizuri. Lilikuwa na upana wa mlango, na kingo zote alizikunja kwa nyundo ya mbao zisije zikamkata mzee. Watu wa Pongwe walikuja kulitazama na kulisifu. Walisema hawajawahi kuona kampuni inaacha tundu kwenye bati jipya kwa ajili ya mtu mmoja. Ndani, kizingiti kilishachimbwa na kutupwa na mawe mengine, na sakafu ilimwagwa zege kutoka ukuta hadi ukuta, laini na ya kijivu. Hilo hakuna aliyelitaja, kwa kuwa ghala lazima liwe na sakafu.

Siku paa lilipokamilika, Ritha na Nehemia walitangulia kwa pikipiki, wakasimama na Sadalla kati ya marobota ya katani, wakitazama juu. Jua lilikuwa linaingia kwa tundu na kuchora mlango wa mwanga sakafuni. Mzee Zabron alitokea kwa wakati wake. Alisimama juu ya paa, akajiweka sawa, akashuka kwenye tundu bila kugusa kingo, mikono ameibana ubavuni. Nehemia hakuwahi kuona utuaji safi kama ule, na alijuta kwamba droni aliiacha nyumbani ikichajiwa.

Kisha, kimo cha mtu kutoka sakafuni, mzee alisita.

Alikuwa anaangalia zege. Aliangalia kushoto palipokuwa na jiko, akaangalia kulia palipokuwa na mtungi. Miguu yake mitupu ilining'inia kwenye mwanga, na vidole vilikuwa vikitafuta kitu cha kukanyaga. Ritha alijua nguvu zake zimebaki za pumzi chache tu, akataka kumwambia ndipo hapa, Baba, ndipo. Mzee alimtangulia.

"Hodi," Mzee Zabron alisema.

Sadalla aliwatazama wengine. Kampuni ilikuwa imemwagiza namna ya kumpokea kila anayeingia ghalani.

"Karibu," alisema.

Mzee alitua. Alikuwa palepale, kidole hakikukosea. Sadalla alimpa ndala zake alizokuja nazo Ritha, kisha akatoa mfukoni kadi ya plastiki yenye kamba na kumvisha shingoni, akamwomba radhi, maana ni sheria ya ghala na hata Bwana Lucas anaifuata. Mzee Zabron aliisogeza mbali na macho ili aisome. Ilikuwa imeandikwa MGENI.

"Mgeni siku mbili," alisema.

"Ya tatu mpe jembe," Sadalla alimalizia, kama mtu yeyote angemalizia.

"Jembe nilishapewa," alisema Mzee Zabron, akakaa chini kwenye zege, mgongo ukielekea ndani.